Amitriptilini ama fluoksetini: ipi uanze nayo Goma, na namna ya kuitumia bila kujidhuru

Ukitoka kwa muganga hapa Goma na ordonansi ya dawa ya sonona, ile ambayo wengi wetu tunaiita depresio, mara nyingi jina utakalosoma ni moja kati ya mawili: amitriptilini ama fluoksetini. Kwenye boksi utaona Amitriptyline au Fluoxétine. Wazee wa kazi bado wanaita ya kwanza Laroxyl na ya pili Prozac, kwa majina ya biashara ya kampuni zilizozitoa. Zote mbili ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Amitriptilini ndiyo kongwe: Marekani iliiruhusu mwaka 1961, na fluoksetini ikaruhusiwa huko Desemba 1987.

Kila juma kuna mtu anayesimama mbele yangu kwenye kaunta ya farmasi akiuliza ipi kati ya hizo ni kali zaidi. Kwa kutibu sonona yenyewe, tofauti ya nguvu zao ni ndogo sana, na mgonjwa mmoja hupona kwa hii wakati jirani yake amepona kwa ile. Mambo yanayozitenganisha ni matatu: zinavyougusa moyo, linalotokea ukikosa dawa siku kadhaa, na linalotokea mtu akimeza nyingi kwa mara moja. Nikiyatazama hayo matatu pamoja na maisha tunayoishi katika mji huu, msimamo wangu ni kwamba mtu mzima asiye na sababu maalum aanze na fluoksetini. Wako wanaofaa zaidi kwa amitriptilini, na nitawataja. Uamuzi ni wa muganga aliyekukalisha akakusikiliza; mimi nataka uende kwake ukijua cha kuuliza.

Dawa ya tatu, ambayo haistahili kuwa hapa

"Dokta, niko na mawazo mingi, usingizi hakuna, roho inapiga mbio. Unipatie Valium tu."

Hilo ndilo ombi ninalolisikia kuliko yote. Valium ni diazepamu, na diazepamu haitibu sonona. Watu wanaipenda kwa sababu inatuliza usiku uleule, na mtu aliyekosa usingizi wiki nzima akilala fofofo ataapa kwamba amepata dawa yake. Baada ya wiki chache mwili unaizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo, na kuiacha kunakuwa shida mpya juu ya ile ya zamani. Ikichanganywa na kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, pumzi inaweza kukatika mtu akiwa usingizini.

Amitriptilini na fluoksetini zinakwenda kinyume na hivyo. Siku za kwanza hazikupi raha. Zinakupa usumbufu wake kwanza, na nafuu ya moyo inakuja baada ya wiki mbili, nne, wakati mwingine sita. Asiyeambiwa hili atakunywa siku tano, ataona mdomo umekauka au tumbo linachafuka huku huzuni iko palepale, na atatupa plakete, ile pakiti ya vidonge, chini ya kitanda. Nadhani wengi wanaosema "ile dawa ilinishinda" waliishia siku ya tano.

Na si kila machozi yanataka kompirime, yaani kidonge. Mji huu umebeba vilio vingi: waliokimbia Masisi na Rutshuru, walioishi chini ya turubai, waliozika bila mwili wa kuzika. Kumlilia marehemu ni jambo la binadamu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumiwa kufundisha wauguzi, ule wa mhGAP, unasema wazi kwamba kilio cha kawaida cha msiba hakianzishiwi dawa hizi. Sonona tunaizungumzia pale mtu amekaa angalau wiki mbili, karibu kila siku, akiwa na huzuni au amekosa hamu na kila kitu alichopenda, usingizi na chakula vimeharibika, anajiona hana maana, na kazi zake za kila siku zimemshinda. Ikiwa ni ya wastani au ndogo, mazungumzo na mshauri aliyefunzwa yanaweza kutosha. Goma ina washauri hao kwenye baadhi ya vituo vya afya, na kituo cha Tulizo Letu kipo kwa magonjwa ya akili yaliyo mazito zaidi.

Kuna swali moja ambalo muganga asipokuuliza, litaje mwenyewe: umewahi kuwa na siku ambazo ulijaa nguvu kupita kawaida, hulali na huchoki, unaongea bila kupumua, unatumia pesa ovyo, unajiona mkubwa kuliko watu wote? Mwenye historia hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake, iwe hii au ile, anaweza kurushwa upande wa pili na kuanza vurugu. Matibabu yake ni tofauti.

Mtu akimeza nyingi

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kuchagua, na ndilo ambalo familia haziambiwi.

Ugonjwa wenyewe unamwambia mtu kwamba kufa ni afadhali. Kisha sisi tunamkabidhi dawa ya mwezi mzima mkononi. Kama dawa hiyo ni fluoksetini, na ameimeza peke yake, mara nyingi hospitali inamrudisha nyumbani akiwa mzima. Kama ni amitriptilini, hesabu inabadilika. Ikizidi mwilini inavuruga umeme wa moyo, inaleta degedege, inamzimisha mtu, na yote hayo yanaweza kutokea ndani ya saa chache tu. Anaweza kuonekana ana usingizi tu, anajibu salamu, kumbe moyo uko karibu kusimama.

Kwa hiyo mtu aliyewahi kujaribu kujiua, au anayesema maneno kama "mungenizika tu mupumzike", asipewe amitriptilini ya mwezi. Nafuu apewe fluoksetini. Ikiwa amitriptilini ndiyo pekee inayopatikana, apewe ya wiki moja kwa wakati, na iwe mikononi mwa mtu mwingine wa nyumbani: mama, dada mkubwa, mume, yeyote anayeaminika na anayelala nyumba hiyohiyo. Huyo ndiye anayetoa ya jioni na kubaki na nyingine. Wengine wanaona hili ni kumdharau mgonjwa. Mimi naliona ni heshima kwake, maana usiku mbaya una mwisho, na kazi yetu ni kuhakikisha ukipita yeye bado yuko.

Ikiwa imetokea, iwe dawa yoyote, mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama anasema anajisikia vizuri. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya mawese, usimtapishe kwa vidole wala kwa maji ya chumvi. Akisinzia katikati ya kutapika, vitu vinaingia mapafuni. Chukua plakete na boksi ukaonyeshe. Ukifika, sema jina la dawa kabla ya kusema habari nyingine yoyote, maana amitriptilini inawafanya wauguzi wakimbilie kipimo cha moyo.

Watoto nao. Kompirime za amitriptilini mara nyingi ni ndogo, za rangi, zimepakwa kitu laini kama peremende, na kwa mtoto wa miaka miwili chache tu zinaweza kuua. Katika nyumba zetu za mbao, ambapo kila kitu kinawekwa kwenye mfuko ukining'inia ukutani au chini ya mto, tafuta kopo lenye kifuniko na uliweke juu kabisa. Bora zaidi ni sanduku lenye kufuli.

Jambo lingine la usalama linazihusu zote mbili sawasawa. Kwa vijana wasiozidi miaka 24, wiki za kwanza za dawa, na kila kipimo kinapobadilishwa, zinaweza kuamsha mawazo ya kujiua au hali ya kutotulia. Marekani iliweka onyo juu ya hili kwa watoto na vijana mwaka 2004, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri huo. Onyo hilo halisemi kijana asitibiwe. Linasema asiachwe peke yake mwezi wa kwanza, na amwone muganga kila wiki ikiwezekana. Kwa walio chini ya miaka 18 amitriptilini haitumiki kwa sonona. Mwenye miaka 12 kwenda juu anaweza kupewa fluoksetini, lakini kwa mkono wa mtaalamu na baada ya kujaribu mazungumzo. Chini ya miaka 12, hakuna dawa ya sonona kabisa.

Siku ambazo dawa inakatika

Mwongozo ulioandikwa kwa watu wa Ulaya haufikirii sana jambo hili. Sisi lazima tulifikirie. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye watu walitakiwa kuondoka mjini wakibeba walichoweza. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia hadi katikati ya mji, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na waliokuwa na dawa za kila siku wakajikuta hawana pesa mkononi wala farmasi iliyo wazi.

Katika hali kama hiyo fluoksetini ina huruma. Inatoka mwilini polepole sana, yenyewe na kile ambacho ini linakitengeneza kutoka kwake, kiasi kwamba hata baada ya dozi ya mwisho inaendelea kuwepo kwa wiki kadhaa. Ukikosa siku mbili tatu, mwili kwa kawaida hautambui. Amitriptilini inapungua haraka zaidi, na ukiikata ghafla baada ya kuitumia muda mrefu unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, jasho, hasira za bure na ndoto za kutisha. Mtu anaweza kuamini ugonjwa umerudi mara mbili, kumbe ni mwili unadai dawa iliyokatwa.

Kwa anayeishi kati ya kukimbia na kurudi, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kumwomba muganga fluoksetini. Vyovyote vile, weka dawa ya wiki mbili ndani ya mfuko uleule unaoweka kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto, isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kujidhuru. Hapo mfuko ubebwe na mwingine. Piga picha ordonansi kwa simu. Ukifika Bukavu au ng'ambo ya mpaka Rubavu, muganga mgeni atahitaji kuona jina, miligramu na tarehe uliyoanza.

Ukisahau dozi moja, endelea na ya kesho kama kawaida. Usimeze mbili kufidia.

Mwili unavyozipokea

Amitriptilini inaleta usingizi, ndiyo maana inamezwa jioni. Kwa mtu ambaye sonona imemwibia usingizi, au ambaye ana maumivu ya neva au kipandauso pamoja na huzuni, hiyo ni faida ya kweli, na huyo ni mmoja wa wale ninaosema wanafaa kwa amitriptilini. Imeze saa mbili hivi kabla ya kulala. Ukiimeza saa sita za usiku, kesho yake asubuhi bado iko kichwani, na kama wewe ni motari au unasukuma chukudu kutoka Kibumba na mzigo wa viazi, usingizi wa asubuhi kwenye mteremko unaua. Wiki ya kwanza, na kila kipimo kinapopandishwa, usiendeshe.

Inakausha mdomo, inafanya choo kuwa kigumu, inatia ukungu machoni, na inaongeza hamu ya kula na uzito. Maji ya mara kwa mara, maharage, lengalenga na maparachichi yanasaidia kwa choo. Mzee mwenye shida ya mkojo kwa sababu ya prosteti anaweza kushindwa kukojoa kabisa. Mwenye presha ya macho asiiguse bila daktari wa macho kujua.

Tena inashusha presha ya damu pale mtu anaposimama. Mfikirie bibi wa miaka 70 huko Ndosho, ameamka saa tisa usiku kwenda choo cha nje, hakuna umeme, na kati ya mlango na choo ni mawe ya lava. Anasimama haraka, macho yanaingia giza, anaanguka, nyonga inavunjika. Sonona ilitibiwa vizuri na mtu hatembei tena. Kwa wazee, ikiwa lazima iwe amitriptilini, kipimo kiwe kidogo, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na ndoo iwekwe ndani.

Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepata mshtuko wa moyo, ambaye moyo wake unapiga bila mpangilio, au aliyewahi kuwa na kifafa: amitriptilini si yake.

Fluoksetini inamezwa asubuhi kwa sababu inaweza kukufukuza usingizi. Wiki ya kwanza inaleta kichefuchefu, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, na kwa wengine hali ya kutotulia, mikono inatafuta cha kufanya. Imeze na uji au mkate. Yote hayo kwa kawaida hupungua baada ya siku kumi hivi. Kutotulia kukizidi hadi mtu anazunguka nyumba usiku kucha, rudi kwa muganga mapema, usisubiri tarehe ya miadi.

Jambo ambalo watu hawalisemi kwenye kaunta, na ndilo linalowafanya wanaume wengi waache kimyakimya: fluoksetini inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kufika kileleni, kwa mwanamume na mwanamke. Amitriptilini nayo inaweza, ila kwa fluoksetini ni kawaida zaidi. Nimeona ndoa ikitikisika kwa sababu mke alidhani mumewe ana mwingine. Mwambie mwenzako siku unapoanza dawa, kabla tatizo halijaja. Likija, mweleze muganga bila haya. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Kwa wazee fluoksetini ina hatari yake, ndogo lakini ya kujua: inaweza kushusha chumvi ya damu. Mzee aliyeanza dawa akachanganyikiwa ghafla, anataja majina ya waliokufa kana kwamba wako sebuleni, asichukuliwe kuwa amerogwa au amezeeka. Apimwe damu. Na mwenye kisukari aangalie sukari yake mara nyingi zaidi mwezi wa kwanza, maana fluoksetini inaweza kuishusha.

Unachomeza pamoja nazo

Farmasi za hapa zinauza bila ordonansi vitu vingi vinavyogombana na dawa hizi. Tramadoli ndiyo ya kwanza ninayoiogopa. Vijana wanaobeba mizigo wanaimeza ili wasisikie uchovu, na ikikutana na fluoksetini au amitriptilini inaweza kuleta degedege, au hali ya kutetemeka, jasho jingi, homa, moyo kukimbia na akili kuvurugika. Hiyo ni dharura ya hospitali.

Fluoksetini inaongeza hatari ya damu kutoka, hasa tumboni. Ukiichanganya na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini, na vidonda vya tumbo tayari unavyo, unaweza kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Sindano ya diklo ambayo kila mtu anaiomba mgongo ukimuuma, ikatae mpaka umemwambia muuguzi unachomeza.

Malaria inataka uangalifu kwa upande wa amitriptilini. Karatasi iliyo ndani ya boksi la Coartem inaitaja amitriptilini kwa jina kati ya dawa za kutochanganya nayo ovyo, kwa sababu Coartem inaweza kuifanya ipande mwilini, na moyo unabeba mzigo wa zote mbili. Kwinini nayo inagusa umeme wa moyo. Usiache kutibu malaria kwa ajili ya hili, malaria inaua. Sema tu kabla hawajakuandikia: "Niko kwenye amitriptilini." Muganga atachagua dawa au atakufuatilia. Na anayetibiwa kifua kikuu sugu amwambie muganga wake wa kifua kikuu, maana linezolidi, moja ya dawa zinazotumika huko, haipaswi kukutana na dawa hizi bila mpango.

Pombe: amitriptilini na kanyanga ni mchanganyiko wa kulala usiamke. Fluoksetini inastahimili zaidi, lakini pombe yenyewe inalisha sonona, iwe kasiksi au Primus. Asiyeweza kuacha kwa ghafla, kwa sababu mwili unatetemeka akikosa, aseme hivyo kwa muganga bila aibu, kwa sababu kuacha pombe ghafla nako kunahitaji usimamizi.

Hizi mbili zenyewe hazichanganywi kiholela. Fluoksetini inazuia ini lisiivunje amitriptilini, hivyo kipimo kilichokuwa cha kawaida kinageuka kuwa kikubwa. Na kwa kuwa fluoksetini inabaki mwilini wiki kadhaa, anayeiacha leo na kuanza amitriptilini kesho bado anazichanganya. Kubadilisha kupangwe na muganga.

Mjamzito na anayenyonyesha

Mama aliyegundua ana mimba akiwa kwenye dawa asiikate kwa hofu. Aende kliniki wiki hiyohiyo. Sonona isiyotibiwa nayo inamdhuru mama na mtoto, na muganga ndiye atakayepima kama dawa ibaki kwa kipimo kidogo au mazungumzo yatatosha.

Kwa anayenyonyesha amitriptilini inasonga mbele. Fluoksetini, kwa sababu ileile ya kukaa mwilini muda mrefu, ndiyo ambayo mwongozo wa mhGAP unashauri iepukwe wakati wa kunyonyesha. Mtoto aangaliwe asisinzie kupita kiasi na anyonye vizuri. Sertralini, dawa nyingine ya sonona, pale inapopatikana, ni chaguo zuri zaidi ya zote mbili, iulizie.

Vipimo na muda

Mpangilio wa mhGAP kwa mtu mzima ni huu. Fluoksetini inaanza miligramu 10 kwa wiki moja, kisha 20 kila asubuhi, na wengi wanabaki hapo. Kwenye farmasi mara nyingi kuna jelule (kapsuli) ya 20 peke yake, na muganga anaweza kukuambia wiki ya kwanza umeze siku moja na kuruka siku moja. Fuata alichoandika, usifungue jelule kugawa unga kwa kijiko. Amitriptilini inaanza miligramu 25 jioni, inapandishwa kidogo kidogo wiki kwa wiki, mara nyingi hadi kati ya 100 na 150. Wapo wanaobaki kwenye kompirime moja ya 25 mwaka mzima. Kipimo hicho kinasaidia usingizi na maumivu, lakini kwa sonona ya mtu mzima kwa kawaida hakitoshi, na mgonjwa anahesabiwa kuwa ametibiwa wakati bado hajatibiwa.

Ukipona, endelea miezi 9 hadi 12 kwa kipimo kilekile. Najua ni vigumu kununua dawa ukiwa umeshacheka tena na watoto, na pesa inatakiwa kwa unga na makala ya kupikia. Wanaoacha wiki ile walipojisikia vizuri ndio wanaorudi wakiwa chini kuliko mwanzo. Wakati wa kuacha ukifika, ipunguzwe polepole kwa angalau wiki nne. Hazileti ulevi wala kiu ya kutaka zaidi kama diazepamu. Zinataka tu kuagwa taratibu.

Kwa wanaoambiwa kwenye chumba cha maombi kwamba kumeza dawa ni kukosa imani: omba, na umeze. Sijawahi kuona sababu ya moja kuizuia nyingine, na nimewafahamu waliotupa dawa kwenye mkesha wakaletwa hospitali baada ya mwezi.

Kwenye kaunta

Tunauza rejareja kwa sababu watu hawana pesa ya boksi zima, na hapo ndipo makosa yanazaliwa. Mama mmoja alinionyesha kipande cha plakete kilichokatwa kwa mkasi, kompirime nne, na kwenye alumini kumebaki herufi nne za jina na nusu ya tarehe. Alidhani ni ya presha. Ilikuwa amitriptilini ya shemeji yake. Ukinunua rejareja, omba muuzaji aandike kwa kalamu kwenye bahasha: jina lote, miligramu, saa ya kumeza, na tarehe ya kuisha. Asiyetaka kuandika, nenda farmasi nyingine. Dawa ya jirani usiimeze hata kama anasema mna ugonjwa mmoja.

Kwa bei, amitriptilini kwa kawaida ni nafuu na iko karibu kila mahali, na hilo lina uzito kwa familia zetu. Kama muganga ameridhika kwamba moyo wako ni mzima, hakuna hatari ya kujidhuru nyumbani, na una mtu wa kuitunza dawa, kuitumia hiyo unayoweza kuimudu kwa mwaka mzima ni afadhali kuliko kununua fluoksetini mwezi mmoja na kuishiwa.

Lakini ordonansi ikiandika fluoksetini na muuzaji akakwambia "hiyo imeisha, chukua hii nyingine, ni moja tu", usipokee. Muganga anaweza kuwa ameikwepa amitriptilini kwa sababu ya moyo wako, ya umri wako, au ya neno ulilomwambia mlango ukiwa umefungwa, na muuzaji hajui lolote kati ya hayo. Mpigie muganga simu ukiwa bado umesimama pale. Ikiwa hapatikani, kumbuka fluoksetini inakupa siku chache za kutafuta. Zitumie kuzunguka Birere na Katindo, au umtume motari unayemfahamu na picha ya ordonansi kwenye simu yake.